Firigisi ya Siku ya Kufunga Shule

Nekesa mwanangu,

Umeenda kuaga wenzako wa kwaya, na nyinyi mkianza kuagana mnaagana kwa nyimbo, kwa hiyo hutarudi sasa hivi. Kuku wako wa safari yuko jikoni anachemka. Ni jogoo mzee, ana kiburi hata ndani ya sufuria, na mpaka alainike nitakuwa nimemaliza kuandika.

Sitakuandikia habari za godoro na ndoo. Kama umemaliza kidato cha nne, ukakaa na mimi sokoni mwaka mzima, na bado hujui kujipikia, basi watu wa Bokoli unakokwenda watacheka na mimi nitacheka nao. Sitakuambia usali pia. Unasali kunishinda. Nakuandikia kwa sababu nakuogopa, na sijui namna ya kukwambia jambo hilo ukiwa umekaa mbele yangu na ile shingo yako iliyonyooka.

Kesho unaenda kuwa mwalimu. Hujasomea bado, ni kamati ya wazazi tu imekuajiri, lakini mtoto wa darasa la tatu hajui tofauti. Kwake yeye mwalimu ni mwalimu. Tangu shule zifanywe bure madarasa yamejaa, utapewa watoto mpaka wengine wakae sakafuni, na kila mmoja atakuangalia usoni ajue kama yeye ni mtu au ni takataka. Majirani hapa Kibomet wananipongeza. Mimi nawahurumia hao watoto, maana najua nimewapelekea nini.

Mwezi uliopita ulisahau ufunguo, nikakufuata kanisani. Ulikuwa unafundisha shule ya Jumapili. Nilisimama dirishani sikutaka kukukatiza. Ulikuwa umemsimamisha msichana mdogo mwenye sweta ya kijani, ukamuuliza Mungu aliumba nini siku ya tatu. Mtoto alinyamaza. Alikuwa anafikiria, Nekesa, nilimwona midomo ikitembea, anahesabu siku moja baada ya nyingine. Hukumpa hata muda wa kumeza mate. Uligeukia wenzake ukasema, "Nani atamsaidia huyu? Naona bado amelala." Darasa zima likaangua kicheko. Na wewe ukacheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Kicheko hicho ni changu. Nilikifundisha mwenyewe, nyumbani, juu ya sahani ya kuku, na mwanafunzi wangu wa kwanza ulikuwa wewe.

Turudi nyuma kidogo. Baba yako alipokufa tulikuwa Kabuchai. Wewe ulikuwa unaanza shule, na kaka yako Wafula alikuwa amemaliza darasa la pili. Nikawachukua nikahamia Kitale, nikakodi chumba hapa Kibomet, nikaanza kuuza mahindi na maharagwe. Humkumbuki Wafula wa Kabuchai. Alikuwa msumbufu wa maswali. Kwa nini ng'ombe hatapiki. Kwa nini mwezi unatufuata sisi na si watu wengine. Nilikuwa namfukuza jikoni kwa mwiko.

Wewe, mwerevu wangu, nakumbuka siku ulipolia mpaka ukakosa pumzi kwa sababu ya gorogoro moja ya mahindi. Nilikuwa nimeujaza ule mkebe wetu wa kupimia, halafu nikayamwaga mahindi kwenye beseni pana ili niyapepete. Ulipoyaona yametandaa chini ya beseni ukapiga kelele kwamba yamepungua, kwamba nimeyaiba. Nilikupiga kofi. Wafula alikuja, akayarudisha kwenye mkebe, yakajaa. Akayamwaga kwenye beseni tena. Akayarudisha. Sijui alifanya hivyo mara ngapi, bila kusema neno, mpaka ukaacha kulia, ukachukua mkebe ukamwaga mwenyewe. Kesho yake ulikuwa unamwambia kila mteja kwamba mahindi hayapungui, yanalala tu. Wateja wakasema, huyu msichana ana akili. Na mimi nikaitikia, ndiyo, ana akili. Nani alikuwa amekufundisha, hata sikukumbuka kumtaja.

Sasa, Kabuchai mwalimu alikuwa anawafundisha wadogo kwa Kibukusu, lugha yetu. Hapa mjini darasa lina watoto wa kila kabila, mwalimu anafundisha Kiswahili na Kiingereza. Wafula aliingia darasa la tatu akanyamaza. Si siku moja, ni mwaka. Mtoto aliyekuwa anamaliza maneno duniani akawa anakaa dawatini na mdomo umefungwa. Shule ikafungwa, akashika mkia. Mwalimu wake akaniita.

"Mama Wafula," akasema, "huyu kijana ni mzito. Wacha arudie darasa."

"Arudie," nikasema. "Hata mimi nimeona."

Nilikuwa nimeona nini? Sikuwa nimeona chochote. Sikumuuliza mwalimu kama mtoto amekosa jibu au amekosa lugha ya kulisemea. Mimi mwenyewe nilisoma mpaka darasa la saba, na nilikuwa wa kwanza, na nikatolewa ili kaka zangu wasome, wakasoma wakalewa. Nilikuwa na njaa ya namba moja tangu nikiwa na umri wako wa wakati ule. Nilitaka mtu wa kunishibisha, na Wafula akaniletea mkia.

Hapo ndipo ikaja firigisi. Unajua kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba. Wanawake walikatazwa kuku; bibi yako alikufa hajawahi kumwonja kabisa, sembuse firigisi. Baba yako alipoondoka, firigisi ya nyumba hii ikabaki bila mwenyewe, na ukoo wote ulijua ni ya nani: ya mtoto wa kiume wa kwanza, hata kama hajaota meno. Mimi nikajiona nimeelimika kuliko ukoo. Nikasema hapa Kibomet firigisi italiwa kwa kichwa. Siku ya kufunga shule nitachinja, na mwenye namba nzuri ndiye atakula firigisi. Mwenye kushika mkia atakula shingo na miguu, na atakula jikoni, asituharibie sherehe.

Nilifikiri nimevumbua kitu kikubwa. Nilijisifu sokoni. Kuna akina mama walioniiga.

Ulikuwa unatoka kwenye gwaride umepigiwa makofi ya kilo, yale ya shule nzima kwa pamoja, unakimbia mbele, na kaka yako nyuma yako mbali, anatembea kama mtu anayebeba maji. Nakuweka mezani kwenye kiti cha baba yako. Miguu haifiki chini. Nakuwekea firigisi na wewe unaitafuna polepole, makusudi, mlango wa jikoni ukiwa wazi. Mara ya kwanza ulimkatia kipande ukataka kumpelekea. Umesahau? Mimi sijasahau, kwa sababu niliushika mkono wako nikakwambia, "Rudisha. Akitaka asome." Ulikuwa na miaka saba. Mara ya pili hukukata kipande. Watu husema mtoto huyu alizaliwa na roho ngumu. Hapana, Nekesa. Mimi nilikuwepo siku ulipojifunza, na ulijifunza haraka, kama ulivyojifunza kila kitu.

Wafula akarudia la tatu. Halafu akarudia tena, na safari hii ukamkuta humo humo, mkawekwa dawati moja, yeye mrefu kama mlingoti wa bendera na wewe kando yake. Ulikuwa unajua majedwali yote ya kuzidisha, unayaimba hata usingizini. Yeye alikuwa anahesabu kwa vidole chini ya meza. Nilichukia vile vidole. Jioni moja nilichukua kamba ya kushonea magunia nikamfunga vidole vyote kumi, nikamwambia ahesabu kwa kichwa kama dadake. Wewe ndiye uliyenishikia kamba nilipokuwa nafunga fundo. Alikaa hivyo mpaka chakula. Hakulia. Aliangalia mikono yake tu, na hesabu hakufanya hata moja, si kwa kichwa wala kwa chochote. Nikasema, mnaona, hamna kitu humo ndani.

Mimi nikihesabu magunia nahesabu kwa vidole mpaka leo. Umekaa nami sokoni mwaka mzima, umeniona.

Na wewe pia nitakwambia ukweli wako, usije ukaondoka unafikiri nilikuharibia kaka peke yake. Ulipokuwa na miaka tisa nilikuwa nakusimamisha kwenye kibanda uwasomee wateja gazeti la kufungia maharagwe. Ulisoma kama mtangazaji. Watu waliacha kununua wakakusikiliza. Siku moja mzee mmoja akakuuliza, "Sasa mjukuu wangu, wamesema nini hapo?" Ukaanza kusoma upya kutoka juu. Akakuuliza tena, ukasoma tena, kwa sauti kubwa zaidi. Hukuwa umeelewa hata sentensi moja. Mzee alinitazama, akalipa, akaenda. Nikajua. Nikakununulia viatu vipya ili nisahau. Nilikuwa nimelea redio, na nilikuwa naringa nayo.

Mwaka mlipokuwa darasa la tano, Wafula alikuwa na miaka kumi na mitatu, na mwaka huo ulikuwa wa tohara. Agosti alitahiriwa Kabuchai kwa baba yenu mdogo Barasa. Aliporudi darasani alikuwa amebadilika. Nilidhani ni kisu. Sasa nafikiri ni kwamba kule jandoni alikaa wiki kadhaa na watu waliozungumza naye kwa lugha yake, wakimfundisha, na hakuna aliyemwita mzito. Na Kiswahili, na hata hicho Kiingereza, vilikuwa vimeshamwingia polepole miaka hiyo yote, sisi tukiwa tumeacha kumsikiliza. Shule ilipofungwa Novemba, kwenye gwaride, wakasoma: namba nne, Wafula. Namba tisa, Nekesa.

Watu walipiga makofi. Mimi sikupiga. Nilisema kimoyomoyo: ameiba. Wamekaa dawati moja, amemwibia dadake.

Sherehe ya kutoka kwake jandoni ikawa Jumamosi iliyofuata, nikaunganisha na ya kufunga shule, kuku wawili. Barasa alikuja kutoka Kabuchai amevaa koti. Nyumba ilijaa. Nilipofunua sufuria Barasa akacheka, akampiga Wafula begani.

"Sasa leo hakuna maneno," akasema. "Huyu ni mwanaume, na namba pia amekamata. Filigisi imerudi kwa mwenyewe, bana."

"Ngoja kwanza," nikasema. Nikakuita. Nikakuuliza mbele ya watu, "Nekesa, ile hesabu ya mtihani, ya magunia na lori, nyote wawili mlipata. Hebu tueleze ulifanyaje."

Nilitaka umuaibishe. Nilikuwa na hakika. Na wewe, uliyekuwa hujawahi kukosa neno, ulinyamaza. Ukamwangalia kaka yako. Haraka tu, kama mtoto anavyochungulia daftari la jirani. Wafula akaangalia chini. Mtu aliyetoka jandoni habishani na mamake mbele ya wageni kwa sababu ya hesabu ya darasa la tano.

Nilijua, Nekesa. Kijiko kikiwa hewani na firigisi ndani yake, nilijua ni nani aliyemchungulia mwenzake. Nyumba nzima ilikuwa inangoja. Na mimi nilikuwa nimeshawaambia watu wa soko zima, miaka yote hiyo, kwamba mwenye akili ni msichana. Ningeyameza vipi maneno yangu mbele ya Barasa na koti lake? Nikasema, "Ameona haya kwa sababu ya wageni. Huyu kijana amemwibia." Nikaiweka firigisi kwenye sahani yako.

"Mama Wafula," Barasa akasema, "ati unafanya nini? Si huyu ni mutu mzima? Unamupatia msichana?"

"Kwangu inaliwa kwa kichwa," nikasema.

Ukaila. Ulikuwa na miaka kumi na moja, unajua ukweli wote, na ukaila mpaka ikaisha. Sikulaumu. Ungesema nini, wakati mimi mtu mzima nilikuwa nimekutazama machoni nikakuonyesha kwamba ukweli hautakiwi? Lakini nilikuona ukila. Na ulijua nimekuona. Tangu siku hiyo sisi wawili tumeishi nyumba hii kama wezi walioibia mtu mmoja, kila mmoja anaogopa mwenzake atasema kwanza.

Wafula alinawa mikono. Hakuwa amegusa chakula. Akamwambia Barasa, "Baba, twende." Jioni hiyo hiyo akaondoka na nguo alizovaa, akaenda Kabuchai, akaingia kwenye miwa. Nilimtumia watu arudi shuleni, akanijibu kwamba amemaliza. Nikasema afadhali, karo itabaki ya mwenye kuitumia. Ndiyo, nilisema hivyo, kwa sauti, ulikuwepo.

Usifikiri nitakuambia kwamba kumbe kule amekuwa mtu mkubwa. Anakata miwa. Mgongo unamuuma na hajafika miaka ishirini na tano. Hasomi chochote, hata kibandiko cha dawa ya mahindi humpa mtu amsomee, na si kwamba hajui, Barasa ameniambia anajua. Ni kwamba hataki herufi imkaribie. Alikuja kwenye mazishi ya bibi yako akanishika mkono, akasema, "Habari ya siku nyingi, Mama," kama mteja. Na soko zima la Kibomet bado linaniita Mama Wafula. Kila asubuhi, kila anayetaka maharagwe ananiita kwa jina la mtoto niliyemfukuza kwa kipande cha nyama. Wewe mwenye namba moja hakuna aliyewahi kuniita kwa jina lako.

Sasa utasimama mbele ya watoto. Utapata mmoja amenyamaza. Wapo kila darasa, na huko Bokoli wengi watakuwa wametoka kwenye nyumba zisizo na neno la Kiingereza hata la kuombea chumvi. Sikuambii umpende. Sijui kama unaweza, sijui nilikuachia nafasi gani ya kupenda. Nakuomba kitu kidogo kuliko hicho. Ukimuuliza swali, ngoja. Ngoja mpaka wewe mwenyewe uone haya ya kungoja, halafu ngoja tena. Muulize kwa Kibukusu kama Kiswahili kimemkwama. Utaona macho yake. Anayehesabu kwa vidole mwache na vidole vyake, vitamwacha vyenyewe. Na yule msomaji wako hodari, anayesoma kama redio, mzuie katikati umuulize wamesema nini. Huyo ndiye wewe, na huyo ndiye niliyeogopa kumuuliza.

Siku ya kufunga shule mwalimu mkuu atakutaka usome namba. Utasoma, ni kazi. Ila ukifika mkiani usicheke kwa upande mmoja wa mdomo. Kuna mama nyuma ya gwaride anayekuangalia ajue jinsi ya kumtazama mtoto wake atakapofika nyumbani.

Jumanne nilimpigia Wafula simu. Nilimwambia dadako anaenda Bokoli kufundisha, kuna kuku, njoo. Nikamwambia, firigisi ni yako, nimekuwekea. Alikaa kimya. Safari hii nilingoja, nilingoja mpaka nikadhani imekatika.

"Mpatie Nekesa," akasema. "Si ndio alizoea?"

Akakata.

Nilichinja hata hivyo. Na nitakuambia nilichokuwa nimepanga, ujue mama yako ni mtu wa aina gani hata leo. Nilipanga niiweke firigisi peke yake kwenye sahani, juu ya meza, nisiseme kitu. Ukirudi nione. Ukiila, nijue ni mwalimu gani anaenda Bokoli. Ukiiacha, pia nijue. Unaona? Baada ya haya yote bado nilikuwa nataka kukupa mtihani. Kumpima mtoto ndiyo mapenzi pekee niliyojifunza kufanya vizuri.

Kwa hiyo nimeinuka sasa hivi, nikaacha kuandika, nikaenda jikoni nikaitoa kwenye sufuria. Nimeila mwenyewe, nimesimama pale pale kwenye mlango alipokuwa anakaa Wafula. Nina miaka hamsini na sijawahi kuionja. Nimegawa firigisi za nyumba hii miaka yote, na sikujua ladha yake.

Ni kinyama kidogo, Nekesa. Kigumu, unakitafuna mpaka taya zinauma, na ndani kuna kama mchanga mchanga. Hakina utamu wowote wa ajabu. Nimekimeza kwa maji.

Kuku ameiva. Kuna supu, kuna mapaja mawili, kuna shingo na miguu. Kula unachotaka, ukae kiti unachotaka. Asubuhi sitakusindikiza mpaka stendi, kwa sababu nitalia, na wewe hujafundishwa kungoja mtu anayelia.

Mimi,
Mama Wafula